Nani Alilala Hapa Usiku wa Jana?

Mhadhara juu ya kuipima malaria nyumba kwa nyumba, na juu ya watu wa Kariakoo wasiofikiwa na kipimo



Malaria ina tabia moja iliyowasumbua matabibu na watawala tangu zamani, nayo ni kwamba wale walioshikwa nayo si wote wanaofika hospitali, na wale wanaofika hospitali wakidhaniwa wameshikwa nayo si wote walio nayo. Mtu aliyekulia katika nchi yenye malaria nyingi aweza kubeba vimelea katika damu yake miezi mingi, akalima, akaoa, akasafiri na kufanya biashara bila ya kuhisi uchovu wowote, ilhali mwenziwe aliyepatwa na mafua makali huandikwa katika daftari la zahanati kuwa ni mgonjwa wa malaria, akapewa dawa isiyomhusu na kurejeshwa nyumbani. Serikali itakayo kujua kadiri ya maradhi haya kwa kusoma daftari hizo peke yake hupunjwa upande mmoja na kuzidishiwa upande wa pili, wala hakuna ajuaye kama upungufu ule na ziada ile hulingana.

Haya si ya kudhania. Watoto 1,005 wenye homa, waliofika kutibiwa hapa Dar es Salaam na kule Ifakara mwaka 2008, walichunguzwa kwa vipimo vingi ili ijulikane ni nini hasa kilichowachemsha mwili, na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliwafadhaisha wengi: malaria ilikutwa kwa watoto 10.5 tu katika kila 100, na kundi kubwa kuliko yote, watoto 62 katika kila 100, walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi. Wazee waliopo katika ukumbi huu wanakumbuka vema jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya hapo. Mtoto akichemka usiku, alfajiri mama alikuwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya tabibu. Ikatolewa klorokwini pamoja na mwasho wake usiosahaulika, mpaka ilipoachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea. Ikafuata dawa ya SP, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto tuliyo nayo hadi leo. Katika miaka yote hiyo homa na malaria katika mji huu zilikuwa jina na lakabu yake, na idadi kubwa ya wagonjwa iliyotangazwa kila mwaka ilikuwa aghalabu idadi ya homa.

Basi atakaye kujua kweli hana budi kuondoka hospitali na kwenda majumbani. Rai hiyo si ngeni katika mji wetu. Robert Koch, tabibu Mjerumani atajwaye zaidi kwa kifua kikuu na kipindupindu, alikaa Dar es Salaam baina ya 1897 na 1898 akiichunguza malaria, na mwaka 1901 Dokta Ollwig akaja kuitekeleza rai ya mwalimu wake, ya kuwa ukipima damu za watu wa mji mzima, wazima na wagonjwa, ukawapa kwinini wote walio na vimelea, mbu watakosa mtu wa kuwaambukiza vimelea. Damu zikapimwa nyumba kwa nyumba. Maradhi hayakutoweka, kwa kuwa watu hutoka na kuingia mjini kila siku na hadubini haioni kila kimelea. Walakini jambo kubwa lilikuwa limekwisha kuthibitika, kwamba hazina ya malaria imo katika damu za watu wanaojiona wazima. Ni wajibu kuongeza kwamba utawala ule haukuwa na desturi ya kumwomba mwenyeji radhi yake kabla ya kumtoboa kidole, na kwamba baadaye Waingereza nao, walipoupanga upya mji, walitumia hoja za siha kuuacha wazi uwanda wa Mnazi Mmoja, ili mtaa wa Kariakoo ukae mbali na mitaa ya wengine. Elimu ya mbu imewahi kutumiwa kuwatenga watu, na kila atakayebisha hodi Kariakoo kwa jina la malaria yampasa alijue hilo.

Zama zetu zilianza kwa ahadi. Tarehe 25 Aprili 2000 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, wakaazimia kwamba ifikapo 2005 watu 60 katika kila 100 walio katika hatari kubwa kuliko wengine, hususan watoto wadogo na wajawazito, wawe wanapata kinga na tiba ipasayo, chandarua chenye dawa kikiwa cha mbele katika kinga hizo. Ahadi ya namna hii haiwezi kudaiwa pasipo kipimo, na kipimo hakimo hospitali, kwa kuwa mtoto aliyelala salama chini ya chandarua haandikwi katika daftari la mtu yeyote. Tanzania ilikuwa tayari na njia ya kumfikia mtoto huyo, kwa kuwa tangu 1991 na 1992 wadadisi walikuwa wakizunguka nchi nzima katika utafiti wa idadi ya watu na afya, wakiuliza juu ya uzazi, chanjo na vifo vya watoto. Katika utafiti wa 2007 na 2008, uliochunguza pamoja ukimwi na malaria, kwa mara ya kwanza katika tafiti hizi damu za watoto zilipimwa malaria majumbani mwao, nchi nzima. Kazi hiyo imeendelea mikononi mwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar na Wizara za Afya za pande zote mbili, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitoka Marekani; na juu ya fedha hizo nina neno nitakalolisema baadaye.

Watu wengi huniuliza, na wana haki ya kuuliza, yawezekanaje nchi yenye mamilioni ya nyumba isemewe na nyumba elfu chache. Nendeni mkamtazame mfanyabiashara wa nafaka hapo sokoni anaponunua magunia ya mchele: hafungui magunia yote, bali huchoma bambo katika gunia hili na lile, hapa na pale, juu na chini, akakiweka kiganjani kilichotoka, akaujua mchele wote, na akidanganywa, hudanganywa kwa sababu muuzaji alimchagulia pa kuchoma. Siri yote ya utafiti wa kaya ni hiyo, kwamba asiachiwe mtu yeyote, awe mdadisi, mwenyekiti wa mtaa au waziri, kuchagua pa kuchoma bambo. Katika utafiti wa 2015 na 2016 yalichaguliwa kwa bahati nasibu maeneo 608 ya kuhesabia watu, na katika kila eneo kaya 22, jumla kaya 13,376. Katika ule wa 2022 maeneo yalikuwa 629 na kaya 26 kila eneo, jumla 16,354. Kaya ikisha kuteuliwa haibadilishwi. Mdadisi akikuta mlango umefungwa hurudi, na akiukuta umefungwa tena hurudi tena, wala haruhusiwi kuingia kwa jirani aliye karibu na mkarimu, kwa kuwa watu wapatikanao nyumbani saa nne asubuhi si sawa na wale wasiopatikana, na maradhi yao si sawa.

Na mlango ukifunguliwa, kuna swali moja linalobeba utafiti wote mgongoni mwake: nani alilala hapa usiku wa jana? Haliulizwi ni nani mwenye nyumba, wala ni nani jina lake limo katika mkataba wa pango. Huulizwa kila roho iliyolala pale, mgeni na mwenyeji, kwa sababu mbu naye hakuuliza zaidi ya hayo. Kisha mdadisi huomba kuonyeshwa vyandarua, na hapa nasema niliyoyaona kwa macho yangu katika nyumba moja ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma, ambazo Kariakoo sasa zimebaki chache. Mama alitangulia na kulifunua pazia. Neti ya buluu ilikuwa imening'inizwa kwa kamba nne, mbili zimefungwa misumarini, ya tatu kwenye nondo ya dirisha, na ya nne kwenye mguu wa kabati, na pembeni ilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweusi kwa mkono hodari. Mdadisi akauliza ilipatikana lini na wapi, ilinunuliwa au ilitolewa bure, na usiku wa jana walilala ndani yake akina nani, mmoja mmoja kwa jina. Na akaandika majibu bila ya kusifu wala kulaumu, maana mdadisi akisifu neti ya nyumba ya kwanza, nyumba ya pili itakuwa imekwisha kuning'iniza ya kwake kabla hajafika.

Kisha ikaja zamu ya damu. Hupimwa watoto wa miezi 6 hadi 59, baada ya mzazi kusomewa maelezo na kutoa idhini yake, na akikataa haulizwi sababu. Kidole cha mtoto kilisafishwa kwa spiriti kikaachwa kikauke, kikachomwa ubavuni, na tone la kwanza likafutwa, kwa kuwa lile la kwanza huchanganyika na spiriti na majimaji ya ngozi. Matone yaliyofuata yakaenda, moja kupima wingi wa damu mwilini, jingine katika kipimo cha haraka cha malaria, kile kijibao cheupe chenye kidirisha. Mtoto alilia kidogo akanyamaza, na mama, mdadisi na bibi wa nyumba wakakaa mkekani wakisubiri dakika 15 ili waone kama utatokea mstari mmoja au miwili. Ulitokea mmoja. Lau ingalitokea miwili, mtoto angalipatiwa dawa mseto, na kama maradhi yangalikuwa makali, angaliandikiwa barua ya kupelekwa hospitali. Kwani haifai kuichukua damu ya mtoto kwa faida ya taifa na kumwacha mwenyewe bila faida.

Kutokana na maelfu ya vidole vya namna hiyo tumejua yafuatayo. Mwaka 2007 na 2008, katika kila watoto 100 nchini, 18 walikutwa na malaria kwa kipimo cha haraka; mwaka 2011 na 2012 wakawa 9; mwaka 2015 na 2016 wakapanda kuwa 14; mwaka 2017 wakashuka hadi 7; na mwaka 2022 wakawa 8. Upande wa kinga, kaya zenye angalau chandarua kimoja chenye dawa zilikuwa 39 katika 100 katika utafiti ule wa kwanza, zikafika 91 mwaka 2011 na 2012 baada ya kampeni kubwa za kugawa vyandarua bure, zikateremka hadi 66 mwaka 2015 na 2016, zikarudi 78 mwaka 2017. Watoto waliolala kweli ndani ya vyandarua hivyo walikuwa 26, kisha 72, kisha 54, kisha 55. Mtazame, mabibi na mabwana, miaka hiyo miwili ya mwisho: kaya zenye vyandarua ziliongezeka kwa 12 katika 100, na watoto waliolala ndani wakaongezeka kwa 1 tu. Hayo hayangalijulikana katika bohari lolote la kugawia vyandarua, maana bohari huhesabu vilivyotoka mlangoni, na mtu wa bohari akikuambia kazi imefanikiwa hasemi uongo, bali anajibu swali ambalo hukumuuliza.

Walakini tarakimu hizi haziwi hoja kwa kule kutajwa tu. Ule mwinuko wa kutoka 9 hadi 14 uliwatia wengi hofu, na kwa hakika vyandarua vilikuwa vimepungua. Lakini utafiti mmoja ulifanywa kuanzia Desemba hadi Mei na mwingine kuanzia Agosti hadi Februari, na wa 2017 ulifanywa Oktoba hadi Desemba, na wa 2022 Februari hadi Julai, hali ya kuwa malaria hufuata mvua kwa majuma kadhaa nyuma yake, na mvua za Kagera si za Mtwara. Kadhalika kipimo cha haraka hakimtafuti kimelea mwenyewe bali protini anayoiacha katika damu, na protini hiyo hukaa majuma kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona, hata mwaka 2011 na 2012 kipimo hicho kilipotoa watoto 9 katika 100, hadubini iliona vimelea kwa watoto 4. Hakuna aliyedanganya. Kimoja kilisema ni wangapi wanao au walikuwa nao hivi karibuni, kingine kikasema ni wangapi wanao sasa kwa wingi unaoonekana. Mimi huwahofia zaidi wale wanaonukuu tarakimu moja bila ya kutaja mwezi wala kipimo kuliko wale wasionukuu kitu.

Tena wastani wa nchi huficha nchi. Mwaka 2015 na 2016 Kagera ilikuwa na watoto 41 katika 100, Geita na Kigoma 38 kila mmoja, ilhali mwaka ule ule mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na karibu mtoto 1 katika 100. Na mwaka 2022 Tabora iliongoza kwa 23. Zanzibar imekuwa chini ya 1 tangu utafiti wa kwanza. Kwa hiyo wapo wasemao, hata katika ofisi kubwa, kwamba Dar es Salaam hakuna malaria tena ya kuzungumza. Na hapa ndipo ninapoomba mnivumilie, kwa maana ndiyo sababu ya kuja kwangu.

Kwanza, tarakimu ndogo ni dhaifu kwa asili yake. Ukipima watoto 300 ukawakuta 3 wenye malaria, utasema ni 1 katika 100, na ni kweli kwa wale 300. Bali kwa mkoa mzima, kanuni za hesabu zinakuruhusu kusema tu kwamba kweli ipo mahali baina ya 0.2 na 2.9, na baina ya hapo na hapo, katika mji ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 5,383,728, yamo maisha ya watu wengi mno. Kipimo kinachotosha kuitofautisha Dar es Salaam na Kagera hakitoshi kuitofautisha Jangwani na Upanga. Bonde la Msimbazi, linalofurika kila masika, na mtaa wa ghorofa zenye lami na mitaro iliyofunikwa, yote mawili hufichwa ndani ya ile 1.

Pili, na hili ndilo zito, utafiti huu huuliza kaya, na Kariakoo imekwisha kuacha kuwa mji wa kaya. Mtaa huu ulianzia katika kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakati wa vita kuu ya kwanza, watu waliobebeshwa mizigo ya vita kwa maelfu na kufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Ukawa mtaa wa nyumba za Kiswahili zilizojaa wapangaji. Na mwaka 1975 ukapata soko lile la Beda Amuli, lenye mapaa mfano wa miavuli na sehemu ya chini iitwayo Shimoni, lililoungua Julai 2021 na kujengwa upya. Leo nyumba nyingi zimebomolewa, zikasimama ghorofa zenye fremu za maduka chini, stoo juu yake, gesti juu ya stoo, na huenda familia mbili tatu karibu na paa. Mdadisi anapoorodhesha kaya katika jengo la namna hiyo huandika zile familia mbili tatu. Anachopaswa kufanya amekifanya. Bali ukipita mtaa wa Kongo au Mkunguni usiku wa manane utawakuta wale ambao hodi yake haiwafikii: mlinzi aliyeketi juu ya kreti mbele ya mlango wa chuma, makuli waliojilaza juu ya mabelo ya nguo wakisubiri lori lishushwe, kijana wa duka anayelala stoo pamoja na mali ya tajiri wake, mama wa chai aliyefika saa tisa za usiku kuwasha jiko, na mteja wa Kigoma au wa Lubumbashi aliyepanga gesti kwa siku mbili, ambaye huenda amekuja na vimelea vya kwao katika damu yake. Mwanzoni mwa 2025 ikazinduliwa rasmi biashara ya saa 24 katika eneo hili, na tangu hapo watu wasiolala majumbani hawatazamiwi kupungua.

Watu hao si watoto wa chini ya miaka mitano, na utafiti una hoja njema ya kuwapima watoto, kwa kuwa mtoto hajajenga kinga, na malaria iliyopo mahali huonekana kwake kwanza. Hoja hiyo ni sahihi Kigoma. Katika Dar es Salaam, ambako mtu mzima naye amekua bila ya kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi, kinga ya mkubwa ni haba kama ya mdogo, na mdogo amelala ndani ya neti wakati mkubwa yuko nje. Tena wachunguzi wa mbu wa mji huu walikwisha kuonyesha, yapata miaka ishirini iliyopita, kwamba anofelesi wa Dar es Salaam wana mwelekeo wa kuuma nje zaidi kuliko ndani. Kwa hiyo tunampima aliye ndani, tunahesabu kinga inayofanya kazi ndani, na mdudu yuko barazani.

Hata chandarua chenyewe Kariakoo chasema jambo jingine. Mtu wa hapa hupachika neti kwa ajili ya mbu wa mitaro na makaro, yule kuleksi mwenye kelele aletaye matende lakini asiyeleta malaria, na hulala ndani yake kwa ajili ya usingizi. Hilo ni jema, na Mungu awalipe walioleta vyandarua. Ila atakayesoma katika jedwali kwamba watu wa Dar es Salaam hutumia vyandarua kwa wingi asikimbilie kusema kwamba wameelimika juu ya malaria, kwani kelele za mbu wale zikipunguzwa kwa kusafisha mitaro, huenda neti nyingi zikakunjwa na kuwekwa juu ya kabati. Na yule mbu wa mchana aletaye homa ya dengi, iliyoutesa mji huu mwaka 2014 na tena 2019, haulizwi popote katika kurasa za malaria.

Sisemi haya ili kuupunguzia utafiti wa kaya heshima yake. Nawajua wadadisi waliovuka mito maji yakiwafika kifuani, wakiwa na sanduku la vipimo kichwani, na sijui kazi ya umma iliyo safi kuliko hiyo. Nasema kwamba kipimo kimoja hakitoshi, na wenzetu wa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria wamekwisha kuliona hilo, ndiyo maana tangu 2014 na 2015 hupima pia wanafunzi wa shule za msingi, ambako katika duru ya kwanza walikutwa 21.6 katika kila 100 wana vimelea, na hupima wajawazito wote wanapofika kliniki mara ya kwanza, wakapata kwa kila halmashauri picha ambayo utafiti wa kaya hauwezi kuitoa ila kwa mkoa. Hapa mjini tuna mfano wetu wenyewe wa zamani kidogo. Mradi wa kudhibiti malaria mijini, ulioanza 2004 katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, uliuchora mji kwa mashina ya nyumba kumi kumi, wakaajiriwa wakazi wa mitaa ile ile kutafuta kila dimbwi, kila shimo la matofali na kila bustani ya mchicha yenye maji yaliyotuama, na mwaka 2006 wakaanza kutia dawa ya kuua viluwiluwi katika kata za Buguruni, Mikocheni na Kurasini. Na kando ya kazi hiyo damu za watu wa rika zote zilipimwa majumbani, wakubwa kwa wadogo. Walijua shina gani lina maji na nyumba gani ina homa. Sina budi kukiri kwamba naionea uchungu elimu ile, iliyopatikana kwa mguu na kwa macho, kuona jinsi tulivyoiacha itawanyike.

Sasa lile neno la fedha. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Marekani iliusimamisha mpango wa tafiti za idadi ya watu na afya iliokuwa ikiugharimia tangu 1984 katika nchi nyingi za dunia, na ingawa baadaye wafadhili wengine walijitokeza kuushikilia kwa muda, ilibainika kwa siku chache tu kwamba nchi nyingi hazikuwa na njia nyingine ya kujua watoto wao wangapi wana malaria. Sioni fedheha katika kusaidiwa. Naona hatari katika kusaidiwa kujijua, kwa sababu asaidiaye kujenga zahanati akiondoka huiacha zahanati, lakini asaidiaye kupima akiondoka huacha tarakimu inayozeeka. Wataalamu tunao, Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeendesha sensa ya 2022 kwa ufanisi, na vijana waliofundishwa kusoma kijibao kile chenye mstari mmoja au miwili wamejaa katika kila mkoa. Bunge lililopitisha fedha za sensa laweza kupitisha fedha za utafiti wa malaria, ambao ni mdogo kuliko sensa mara nyingi sana.

Na wakati haungoji. Yupo anofelesi mgeni, stefensi kwa jina, mwenye asili ya Asia, aliyeonekana Jibuti mwaka 2012, kisha Uhabeshi, Sudani na Somalia, na katika miaka ya karibuni kaskazini ya Kenya. Mbu huyu hahitaji bonde la mpunga. Huzaliana katika matangi, mapipa na ndoo za maji safi, katikati ya mji. Juu ya ghorofa za Kariakoo mna simtanki safu kwa safu, nyingine vifuniko vyake vimepeperushwa na upepo zamani. Ikiwa atafika, athari yake haitaonekana kwanza katika damu ya mtoto wa familia ile iliyo karibu na paa, ambaye ana neti. Ataanza kwa mlinzi, kuli na kijana wa stoo, nasi hatutajua mpaka baada ya utafiti wa pili au wa tatu.

Sensa hujua kuwahesabu watu wa namna hiyo. Katika usiku wa sensa makarani hutumwa katika gesti, vituo vya mabasi na barazani kwa wasio na makazi, ili asisahaulike aliyelala nje. Naomba, basi, utafiti ujao wa malaria uige jambo hilo katika miji mikubwa. Uwekwe usiku mmoja baada ya masika, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Uongozi wa soko na wenyeviti wa mitaa ya Kariakoo na Gerezani wapewe taarifa mapema, na walinzi na makuli waelezwe na viongozi wao wenyewe, ili asiwepo atakayedhani anakamatwa. Wadadisi waende wawili wawili kuanzia saa tano za usiku wakiwa na taa, vipimo na dawa mseto. Kila atakayeridhia apimwe, awe na umri wowote, aulizwe anakolala kwa kawaida na mkoa gani alikuwako katika majuma manne yaliyopita. Na yatakayopatikana yasichanganywe na ya kaya, bali yachapwe katika jedwali lake, ndani ya ripoti ile ile, ukurasa unaofuata ule wa mkoa wa Dar es Salaam.